Mkono Mmoja wa Hatamu

Juni 17, 2023, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alitokea akiwa amepanda farasi kwenye gwaride la siku yake rasmi ya kuzaliwa jijini London, na watangazaji hawakuchoka kukumbusha kwamba mtawala wa mwisho wa nchi hiyo kufanya hivyo alikuwa mama yake, Malkia Elizabeth, mwaka 1986. Mwaka uliofuata, akiwa katikati ya matibabu ya saratani, alifika kwenye gwaride hilo ndani ya gari la kukokotwa na farasi, na mwaka 2025 ikawa vivyo hivyo. Tangu hapo husikika hukumu moja, mitandaoni na hata vijiweni kwetu: mfalme aliyeshuka kwenye tandiko ni mfalme aliyeishiwa. Ushahidi unaotolewa ni zile picha kubwa za kale ambamo wafalme wa Ulaya wameketi juu ya farasi wenye misuli, fimbo ya ujemadari mkononi, mawingu yamefunguka nyuma yao. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, imezisoma picha hizo kinyume. Picha ya mfalme juu ya farasi haikuwa kipimo cha nguvu aliyokuwa nayo. Mara nyingi ilikuwa dai la nguvu iliyokuwa ikigombewa au iliyoanza kumponyoka, na anayetaka kujua hali ya ufalme fulani angefanya vyema kuitazama kwanza hazina yake, bunge lake na jeshi lake, kisha ndipo azitazame kwato.

Lugha yetu yenyewe inatupa pa kuanzia. Mswahili anaposema kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi hamfikirii farasi hata kidogo, ilhali hatamu ni ile mikanda ya ngozi iliyofungwa kwenye lijamu, chuma kinachopita kinywani mwa mnyama. Enzi za chama kimoja, Watanzania walizoea kuambiwa kwamba chama kimeshika hatamu, na sikumbuki kumsikia mtu akiuliza hadharani: kama chama ndicho kilichoshika hatamu, ni nani basi aliyetiwa lijamu? Katika Ulaya ya karne ya 16 na 17 jibu la swali hilo halikufichwa. Shule za upandaji farasi za Naples na Paris ziliwafundisha watoto wa wakubwa kumfanya farasi anyanyue miguu ya mbele na kutulia juu ya ile ya nyuma kwa mguso mdogo wa hatamu, na walimu wa fani hiyo hawakuona haya kulinganisha: farasi ni tamaa za nafsi, farasi ni raia, na anayemweza mmoja atamweza na mwingine. Kielelezo chao kilikuwa Roma, ambako sanamu ya shaba ya Marcus Aurelius ilisalimika kuyeyushwa kwa kuwa watu wa zama za kati walidhani ni Constantine, kaizari wa kwanza Mkristo. Kwetu pwani desturi hii haikuota mizizi. Bara mbung'o waliwamaliza farasi, na mjini mamlaka yalisikika kabla ya kuonekana: siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, siwa ya shaba ya Lamu, na ngoma zilizopigwa kwa idhini ya mwenye mji. Huenda ndiyo maana tunazitazama picha za Ulaya kwa macho ya ugeni na kuziamini upesi mno.

Tuchukue picha iliyoweka kigezo kwa waliofuata. Mwaka 1548, mjini Augsburg, Titian alimchora Kaizari Charles wa Tano kama alivyokuwa Aprili 24 ya mwaka uliotangulia, siku alipowashinda wakuu wa Kiprotestanti wa Ujerumani huko Mühlberg. Kaizari amevaa deraya ambayo mpaka leo imehifadhiwa Madrid, ameshika mkuki, na farasi wake mweusi aliyevishwa nguo nyekundu anatoka kwenye miti kuelekea uwanda mtupu. Hakuna adui kwenye picha hiyo. Hakuna maiti, hakuna jeshi, hakuna hata mpiga tarumbeta. Vita vizima vimepunguzwa vikawa mtu mmoja, mnyama mmoja na anga la jioni. Kilichoachwa nje ni kwamba mtu huyo alikuwa akisumbuliwa na jongo kiasi kwamba safari nyingi za miaka hiyo alizifanya akiwa amebebwa kwa machela. Mwezi Mei 1552, miaka minne tu baada ya rangi kukauka, Maurice wa Saxony, aliyekuwa mshirika wake pale pale Mühlberg, alimgeuka, na Kaizari akalazimika kukimbia Innsbruck na kuvuka milima akiwa juu ya machela hiyo hiyo. Kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amekwisha kuacha taji na kujitenga karibu na monasteri ya Yuste, Hispania. Picha haikudanganya kuhusu ushindi, maana ushindi ulikuwapo. Ilidanganya kuhusu kudumu kwake.

Mfano ulio wazi zaidi, na ambao ninaurudia mara nyingi, ni ule wa Charles wa Kwanza wa Uingereza. Kati ya mwaka 1629 na 1640 mfalme huyo alitawala bila kuitisha Bunge hata mara moja, akitafuta fedha kwa njia za kubabaisha, ikiwemo kodi ya meli iliyowakera wenye mali mpaka baadhi yao wakakataa kulipa na kesi ikafika mahakamani. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Anthony van Dyck alimchora juu ya farasi mwaka 1633, akipita chini ya tao la ushindi na mwalimu wake wa upandaji farasi akimtazama kwa unyenyekevu, kisha akamchora tena mnamo 1637 au 1638 katika picha iliyoko sasa kwenye Jumba la Taifa la Sanaa la London. Niliwahi kusimama mbele ya hii ya pili. Ina urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, na ikiwa imetundikwa, jicho la mtazamaji wa kawaida linakutana na goti la farasi na buti la mfalme. Kuufikia uso ni lazima uinue kidevu, na kufikia hapo umekwisha kupiga saluti bila kukusudia. Farasi ana kiwiliwili kikubwa ajabu na kichwa kidogo, kana kwamba mchoraji aliamua kwamba nguvu zote zikae kwenye kifua na shingo na akili zote ziwe za aliyepanda. Mkono wa kulia wa mfalme umeshika fimbo ya ujemadari. Kwa hiyo umebaki mmoja tu wa kushika hatamu, nao umelegea kama mkono wa mtu aliyeshika leso. Mnyama mzito kuliko wanaume sita anatii vidole viwili: hilo ndilo dai lenyewe, na alilitoa mtu ambaye raia wake walikuwa wamekataa kumlipa kodi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo picha hiyo inalificha kwa ustadi, nalo ni kimo. Charles alikuwa mfupi, futi tano na inchi nne hivi, na juu ya tandiko miguu haigusi ardhi na hakuna wa kupimana naye. Mchongaji Hubert Le Sueur alipopewa kazi ya kumtengenezea sanamu ya shaba mwaka 1630, mkataba uliandika waziwazi kwamba umbo la mfalme liwe na futi sita kamili, na farasi amzidi farasi mkubwa wa kweli kwa futi moja, bei pauni 600. Sidhani kama kuna hati inayoeleza sanaa hii vizuri kuliko mkataba huo wa kibiashara, ambamo ukuu umeandikwa kwa futi kama mbao za dukani. Sanamu ilikamilika mwaka 1633. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka, iliuzwa kwa mfua shaba mmoja kwa sharti kwamba aivunjevunje, naye akaificha, huku akiwauzia watu visu ambavyo inasimuliwa alidai mipini yake imetokana na shaba ya mfalme. Mfalme mwenyewe alikatwa kichwa Januari 30, 1649, nje ya ukumbi wa Whitehall ambao dari yake ilisifu utawala wa baba yake. Mwanawe aliinunua sanamu na kuisimamisha mwaka 1675 pale Charing Cross, na hapo ipo hadi leo, ikitazama barabara inayoelekea mahali alipouawa mwenye sura.

Wanaopinga maoni haya wana hoja za uzito tofauti. Iliyo nyepesi kuliko zote ni ile inayosema kwamba wachoraji walichora walichokiona: wafalme walikuwa wapiganaji, wapiganaji walipanda farasi, basi. Hoja hii haisimami hata mbele ya mfano unaojulikana kuliko yote. Mwezi Mei 1800, Napoleon Bonaparte alivuka milima ya Alps kupitia njia ya Mtakatifu Bernard Mkuu akiwa juu ya nyumbu, yaani yule mwana wa punda na farasi anayeaminika kwenye vijia vyembamba, akiongozwa na mwenyeji wa huko. Jacques-Louis David alipomchora mwaka uliofuata, nyumbu akawa farasi dume aliyesimama kwa miguu ya nyuma juu ya genge, joho likipeperuka, na kwenye mawe ya chini yameandikwa majina matatu: Bonaparte, Hannibal na Karolus Magnus, hawa wawili wakiwa wakuu wa vita wa kale waliovuka milima hiyo kabla yake. Bonaparte alikataa kuketi ili achorwe. Alichotaka, kwa maneno yake, ni kuonekana mtulivu juu ya farasi mkali, na inasemekana mwana mmoja wa mchoraji alipanda ngazi ili baba yake apate mkao. Zingatia kwamba wakati huo Napoleon hakuwa mfalme. Alikuwa Konseli wa Kwanza, mtu aliyeshika madaraka kwa mapinduzi, asiye na nasaba ya kutaja, na taji lilikuja mwaka 1804. Aliyekosa ukoo alikopa farasi wa wenye ukoo. Na aliyeagiza nakala ya kwanza alikuwa Mfalme Charles wa Nne wa Hispania, aliyeitundika kwenye kasri lake Madrid na ambaye mwaka 1808 aliachia haki za ufalme mikononi mwa mtu huyo huyo aliyemtundika ukutani.

Hoja ya pili ina uzito, na inafaa kutendewa haki. Inasema kwamba kupanda farasi ni stadi ambayo haiwezi kughushiwa. Watumishi wote wa mfalme watamsifu, mwalimu wake wa uchoraji atamwambia anachora vizuri, lakini farasi hajui kama aliyempanda ni mwana wa mfalme au mwana wa mchunga mbuzi, na akishindwa kuongozwa atamwangusha. Waandishi wa Ulaya waliirudia kauli hii tangu enzi za kale, na kuna siku ilithibitika mbele ya kamera. Juni 13, 1981, kijana mmoja alimfyatulia Malkia Elizabeth risasi sita tupu akiwa njiani kuelekea gwarideni. Jike wake Burmese, zawadi ya polisi wa Kanada, alishtuka na kupiga hatua za kando, na Malkia, aliyekuwa ameketi upandeupande, alimtuliza kwa muda mfupi na kuendelea na safari. Hapo hakukuwa na mchoraji. Ninakubali kwamba siku ile farasi alikuwa kipimo cha kweli. Lakini tukubaliane pia kilichopimwa: ujasiri na uzoefu wa mama mmoja wa miaka 55, si mamlaka ya ufalme ambao tayari ulikuwa hautungi sheria, hautozi kodi na hautangazi vita kwa hiari yake. Tena kauli ile inahusu farasi wa nyama na damu. Farasi wa rangi na mafuta ni mnafiki kuliko mtumishi yeyote wa kasri, kwa maana hata akipandwa na mtoto wa miaka mitano hatamwangusha.

Nao watoto walipandishwa. Katika Ukumbi wa Falme wa kasri la Buen Retiro, Madrid, uliokamilika mwaka 1635, Diego Velázquez alitundika jamii nzima ya kifalme juu ya farasi: Philip wa Tatu na mkewe upande mmoja, Philip wa Nne na mkewe upande wa pili, na juu ya mlango, katikati ya wazazi, mwana mfalme Baltasar Carlos akiwa juu ya farasi mdogo anayeruka, fimbo ya ujemadari mkononi. Tumbo la mnyama huyo linaonekana kama pipa. Wengi hudhani mchoraji alikosea, lakini alijua vizuri kwamba mtazamaji angekuwa chini, akiingia mlangoni. Hapa ndipo inapoyumba hoja ya tatu, ile inayosema kwamba picha hizi zilikuwa propaganda kwa umma. Umma gani? Mkulima wa Kastilia hakuwahi kuingia ukumbini humo. Walioingia walikuwa mabalozi, makabaila na wakopeshaji, watu ambao wao wenyewe walipanda farasi tangu utotoni na walijua hasa ugumu wa mkao ule. Kwa hiyo picha iliwaambia waliokuwa karibu na kiti cha enzi, wale walioweza kukitikisa, kwamba hatamu ina mwenyewe na ina mrithi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1640, Catalonia iliasi na Ureno ikajitoa. Mwaka huo huo Pietro Tacca alikuwa anakamilisha huko Florence sanamu ya Philip wa Nne ambayo farasi wake amesimama kwa miguu miwili ya nyuma na mkia, ajabu ya uhandisi ambayo mapokeo yanasema Galileo alishauriwa kuhusu mizani yake. Mrithi aliyekuwa juu ya mlango alifariki mwaka 1646, hajafika miaka 17.

Kesi inayonisumbua mimi mwenyewe ni ya Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa. Hakuna anayeweza kusema kwamba alikuwa dhaifu pale, katika miaka ya 1680, mpango wa kumsimamishia sanamu za farasi kwenye miji ya mikoani ulipoanza. Alikuwa na jeshi kubwa, makabaila alikuwa amewafungia Versailles, na alikuwa na nafasi ya kuchagua hata aina ya utukufu: sanamu aliyochongewa na Mwitaliano Bernini ilipofika mwaka 1685 hakuipenda, akaamuru ichongwe upya iwe ya shujaa wa Kirumi na ikawekwe mbali bustanini. Hapa nadharia yangu inabidi ilegezwe. Wasiwasi si lazima uwe udhaifu, na mtu aliyeshuhudia akiwa mtoto waasi wakilifukuza kaya lake kutoka Paris anaweza kuwa na nguvu zote na bado asilale. Lakini tazama pia kalenda. Louis alifariki mwaka 1715, ilhali sanamu ya Montpellier ilisimama mwaka 1718 na ya Rennes mwaka 1726, ikimsimamia mfalme aliyekwisha kuoza katika mji ambao mwaka 1675 ulikuwa umeasi kodi zake. Mwaka 1792 mapinduzi yaliziangusha zote.

Hilo linatuleta kwenye tofauti ambayo mjadala wa leo huiruka, kati ya picha ya ukumbini na sanamu ya barabarani. Ya ukumbini ilizungumza na wachache na ilipokosa wasikilizaji iliuzwa. Ya barabarani ilikuwa mahali pa wote, na siku hatamu zilipoponyoka ndiyo iliyokuwa karibu na mikono ya watu. Julai 9, 1776, wakazi wa New York waliosikia Tangazo la Uhuru walikwenda kuiangusha sanamu ya madini ya risasi iliyopakwa dhahabu ya George wa Tatu, mfalme wa Uingereza, na sehemu kubwa yake ikayeyushwa kuwa risasi 42,088 za bunduki. Mkia wa farasi umesalia kwenye makumbusho ya jiji hilo. Huko Kinshasa kisa ni kichungu zaidi. Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, hakuwahi kukanyaga ardhi yake hata siku moja, lakini mwaka 1928, miaka 19 baada ya kufa kwake, alifika akiwa wa shaba, juu ya farasi wa shaba, nakala ya yule aliyeko Brussels. Mobutu aliiondoa mwaka 1967. Februari 2005 serikali iliirudisha katikati ya jiji kwa maelezo kwamba historia ina pande mbili, na baada ya saa chache tu ikaondolewa tena. Anayeiona sanamu hiyo leo kwenye eneo la makumbusho huko Ngaliema atafanya kosa akidhani anaona picha ya nguvu ya Leopold. Nguvu yake ilikuwa kwenye mizani ya kupimia utomvu wa mpira na kwenye mjeledi. Farasi alikuja kuifunika.

Ethiopia ndiyo inayozuia jambo hili lisiwe la Wazungu peke yao, tena inalitia ugumu. Nyanda zake za juu zina farasi, na wakubwa wake walijulikana kwa majina ya farasi wao: Menelik wa Pili aliitwa Abba Dagnew, na desturi ya majina hayo iko kwa Waoromo vilevile. Sanamu yake juu ya farasi anayenyanyua miguu, jijini Addis Ababa, inamkumbuka mshindi wa vita vya Adwa dhidi ya Waitaliano, mwaka 1896, na ushindi huo haukuwa wa kuchora. Hata hivyo ilizinduliwa mwaka 1930, siku moja kabla ya kutawazwa kwa Haile Selassie, ambaye hakuwa mwana wala mjukuu wa Menelik na alihitaji kuonekana mrithi. Waitaliano waliiondoa mwaka 1936, ikarudi mwaka 1941. Mwezi Juni 2020 mwanamuziki Hachalu Hundessa alisema katika mahojiano kwamba farasi yule wa Menelik aliporwa kutoka kwa mkulima wa Kioromo. Siku chache baadaye aliuawa, na katika machafuko yaliyofuata sanamu nyingine ya farasi, ya Ras Makonnen, baba yake Haile Selassie, iliangushwa huko Harar. Kati ya hoja zote nilizozisoma kuhusu sanamu hizi, yake ndiyo pekee iliyomwacha mpandaji ikamuulizia mnyama: ni wa nani, na alipatikanaje.

Machi 2, 2023, siku ya kumbukumbu ya Adwa, polisi walitumia gesi ya machozi kuwatawanya watu waliokusanyika karibu na sanamu ya Menelik. Katika miaka ya utulivu wapanda farasi hufika mjini siku hiyo wakiwa na farasi waliopambwa kwa vishada vyekundu na vya manjano. Farasi hao wa kweli hawapendi kelele za tarumbeta. Hurusha vichwa, hutafuna lijamu, hurudi kinyumenyume kuelekea umati, na aliye juu hushika hatamu kwa mikono miwili.